Tazama Kwanza

Kabla ya kwenda kumwaga taka, Mjomba alikuwa anatandika gazeti kuukuu uani, anapindua ndoo juu yake, kisha anachuchumaa kuzitazama. Maganda, mifuko, majani ya chai, kiberiti kilichokwisha. Akiridhika anakusanya pembe za gazeti, anarudisha kila kitu kwenye ndoo, ndipo anakwenda nayo jalalani. Kila asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe.

Mama, ambaye ni dada yake, alikuwa akimwangalia kutoka mlango wa jikoni huku ameshika kiuno.

"Kaka, majirani watasema tunakula jalalani."

"Waache waseme. Kijiko chako cha juzi nilikipata wapi?"

"Kijiko kimoja ndio unakiringia mwaka mzima."

"Kingekuwa kimekwenda, dada. Na kilichokwenda hakina simu, kwamba utakipigia kirudi."

Tabia hiyo aliitoa kazini. Mjomba alifundisha hifadhidata kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza pale chuo kikuu, somo la mwanzo kabisa, lile ambalo walimu wenye majina yao hawalitaki. Alikuwa mwalimu wa mkataba. Kila mkataba ukikaribia kwisha alikuwa anapiga pasi koti lake moja na kwenda kuomba mwingine. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya chuo. Ukiwa na kazi una nyumba, kazi ikienda nayo inakwenda. Mimi na Mama tulihamia kwake baba alipofariki. Shule hazikunipokea katikati ya mwaka, halafu mwaka ukapita, na mwingine ukapita. Mama akapata kazi ya kufua mashuka ya bweni. Mjomba akasema sitashinda nyumbani naangaliana na kuta, basi nikawa nakaa kiti cha nyuma kabisa katika maabara yake ya kompyuta, karibu na dirisha lisilofungika.

Alifundisha vizuri. Alikuwa anasema hifadhidata ni nyumba yenye majedwali, na jedwali lina mistari, na kila mstari ni mtu: jina lake, namba yake, alama zake. Ukikosea mstari umekosea mtu. Alipofika kwenye amri ya kufuta alikuwa anashusha sauti.

"Ukimwambia mtoto nenda bandani kachinje kuku, hukumwambia yupi, ukirudi utakuta nini?"

"Karamu!" anajibu mmoja huko nyuma.

"Karamu ya siku moja. Kesho yai utalitoa wapi? Sharti ndilo linalomwambia kuku yupi. Na hata ukiweka sharti, usijiamini. Andika kwanza amri ya kutazama. Mashine itakuonyesha mistari yote inayokaribia kwenda. Isome kwa macho yako. Ndipo ubadilishe neno moja tu, ufute. Tazama kwanza, ndipo ufute."

Wanafunzi wakampa jina hilo hilo, Tazama-Kwanza. Akipita ukumbini wanaliita, naye anasimama, anawakagua kutoka viatu mpaka kichwani kama anayetaka kuwafuta, nao wanakimbia wakicheka.

Kiti cha mbele kabisa alikaa binti mmoja waliyemwita Swali. Wenzake walisema hata mlango ukiwa wazi yeye atauliza kama unaingilika. Kwao hakuna aliyewahi kufika chuo kabla yake, akaona afadhali aulize kila kitu akiwa bado yupo. Wakimcheka, Mjomba anawakatiza. "Mwacheni. Asiyeuliza hapa ataulizwa mahakamani."

Sasa siku yenyewe. Asubuhi ile mkuu wa idara alimpigia Mjomba simu kwamba kuna mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alama zake zimekosewa, zirekebishwe upesi. Mjomba alikuwa na ruhusa ya kuingia kwenye hifadhidata ya matokeo, ile ya kweli. Akazirekebisha palepale maabara, kwenye kompyuta ya mbele ambayo picha yake inaonekana ukutani. Hifadhidata ya mazoezi, ile tuliyotumia darasani, ilinakiliwa kutoka kwenye hiyo ya kweli, majedwali yaleyale, vichwa vilevile, maandishi meupe kwenye kioo cheusi. Ni kama pacha waliovalishwa sare. Alipomaliza hakutoka kwenye hifadhidata ile ya kweli. Wanafunzi walikuwa wameanza kuingia, mmoja akamwambia kompyuta yake haiwaki, akaenda kuinama chini ya meza kutafuta waya.

Somo la siku hiyo lilikuwa kumwaga jedwali zima la mazoezi ili lijazwe upya. Jedwali zima, kwa hiyo hakuna sharti. Muda uliyoyoma. Darasa linalofuata lilishaanza kugonga mlango, na mwalimu wao akaingiza kichwa.

"Bwana, hebu tuachie na sisi tukae."

"Dakika moja tu." Mjomba akamwita Swali aje mbele aonyeshe wenzake, mwenyewe akaanza kukunja waya wa projekta.

Swali aliandika amri yake vizuri, herufi kwa herufi. Kisha mkono ukabaki hewani.

"Mwalimu, tusitazame kwanza?"

Darasa likaguna. Kuna aliyesema, "Huyu naye!" Mjomba hakuinua kichwa.

"Leo tumechelewa, mama. Hii ni ya mazoezi. Futa tu."

Akabonyeza. Mashine haikuuliza mara mbili. Iliandika tu idadi ya mistari iliyofutwa, na haikuwa makumi kama tulivyozoea, ilikuwa maelfu. Nilimwona Mjomba akiisoma kwa midomo bila sauti. Waya ukamponyoka.

"Hebu toka hapo," alisema taratibu. Akakaa, akaandika amri ya kutazama. Ikarudi tupu.

"Mwalimu, nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu," Mjomba akamjibu. "Wewe hujafanya kitu."

Fundi wa seva alikuja na ndala, mswaki bado mfukoni. Mjomba akamuuliza nakala ya akiba iko wapi. Fundi akajikuna kisogo. Diski ya akiba ilijaa tangu muhula uliopita, akawa anasubiri nyingine, na wakati wa kusubiri hakumwambia mtu. Basi ndiyo ikawa hivyo. Matokeo ya watu waliokuwa wanakaribia kuhitimu yamekwenda. Walimu wakaambiwa watafute karatasi za mitihani, wengine walikuwa wameshazichoma. Nje ya ofisi ya idara vijana walisimama ukuta mzima. Mmoja alikuwa analia wazi, mwanamume mzima, anasema kazi ilikuwa inamsubiri.

Jumamosi mchana Mkuu wa idara akaja nyumbani. Alikaa pembeni kabisa ya kochi kama mtu anayeogopa kuchafuka. Mama akaleta chai, hakuigusa.

"Ndugu yangu," alimwambia Mjomba, "kamati inakaa Jumatatu. Wanataka mtu. Mmoja. Ukianza kuwaambia habari za diski na nani alimpigia nani simu asubuhi, tutaingia wote."

"Basi mtu ni mimi."

"Na mkataba wako mwezi ujao? Nani atausaini? Na hawa?" Akazungusha kidole kwenye chumba, akatukusanya mimi na Mama na meza. "Nikuulize. Vidole vilivyobonyeza ni vya nani?"

"Vya binti."

"Wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nakunja waya."

"Ulikuwa unakunja waya. Sema hivyo, unyamaze. Kuna uongo hapo?"

"Mjomba," nikasema, "wewe ndiye ulimwambia afute. Nilikuwepo."

Mkuu alinitazama kana kwamba stuli imesema. Mjomba aliangalia mikono yake.

"Nenda kaanue nguo," Mama akaniambia.

"Hazijakauka."

"Kaanue hivyo hivyo."

Nikasimama kwenye kamba, shuka la maji limenilowesha kifua, nikasikia gari la Mkuu likiondoka, halafu sauti ya Mama dirishani. Hakuwa anafoka. Alikuwa anasema kama anayebembeleza mgonjwa. "Kaka, yule binti ana kwao. Sisi kwetu ni hapa."

Jumatatu Mjomba alirudi jioni, akavua koti, akalitundika vizuri kwenye msumari. Mama akamuuliza imekuwaje.

"Nimesema nilikuwa nakunja waya."

"Na wao?"

"Wakashukuru."

Swali alifukuzwa chuo. Ikaandikwa kwenye ubao wa matangazo kwamba mwanafunzi ameingia kwenye mfumo wa matokeo bila idhini. Wengine walisimama mbele ya tangazo na kusema angalau wamepata mchawi wao.

Siku zilizofuata Mjomba alizidi kuzitazama taka. Alichuchumaa pale uani mpaka chai ikapoa, anageuza ganda lilelile upande huu na upande huu. Mama hakumtania tena. Vicheko vilikuwa vimekwisha ndani ya nyumba ile, tukabaki na "chumvi iko wapi" na "funga mlango."

Swali alikuja kabla hajaondoka mjini. Alikuwa na begi lake la nguo, kamba imefungwa mahali pa zipu. Mjomba mwenyewe ndiye aliyefungua mlango.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu ndani."

"Sikai. Nina swali moja tu."

Siku nyingine yoyote angecheka. Alishika mlango kwa mikono miwili.

"Siku ile nilikuuliza kama tutazame kwanza. Ulinisikia?"

Mama alikuwa nyuma yetu na sufuria mkononi. Nilidhani Mjomba atazungumzia waya.

"Nilikusikia," akasema.

Swali akatikisa kichwa kidogo, kama anavyofanya darasani akielewa kitu. "Kwenye kamati niliwaambia niliuliza. Wakasema mwalimu hakutaja swali lolote. Nikaanza kufikiri labda niliuliza moyoni tu, sauti haikutoka." Akainua begi. "Mama yangu kila akipiga simu ananiuliza umefanya nini. Nilikuwa sijui nimwambie nini. Asante, mwalimu."

Ile asante, afadhali angemtukana. Mjomba alisimama mlangoni mpaka binti akakata kona, na baada ya hapo pia.

Kesho yake asubuhi sikusikia gazeti uani. Nilichungulia nikamwona anabeba ndoo moja kwa moja, haikupinduliwa, haikutazamwa, maganda yamejaa mpaka juu. Aliporudi aliiacha getini. Tukaenda chuo pamoja kama kawaida, lakini badala ya maabara alipitia ofisi ya Mkuu. Nilikaa kwenye benchi nje. Mlango ule haujawahi kufungika vizuri.

"Nataka kurudi mbele ya kamati," Mjomba alisema.

"Kamati imeshafunga."

"Ifunguliwe. Mimi ndiye niliyemwambia afute. Aliuliza, nikamkatalia."

"Na mara ya kwanza kwa nini hukusema? Utatufanya wote waongo." Kiti kikalia. "Halafu nafasi ya yule binti imeshapewa mwingine. Ukisema usiseme, harudi."

"Harudi?"

"Ndugu yangu, wewe ndiye unayefundisha mambo haya. Kilichofutwa bila nakala kinarudije? Nenda darasani, watu wanakusubiri."

Tukaenda. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu, hakuna aliyekuwa tayari kukikalia. Mjomba akawasha projekta, kile kioo cheusi kikatokea ukutani, na kabla hajafungua mdomo kijana mmoja wa nyuma, yule wa karamu, akaita:

"Mwalimu, leo tunatazama kwanza au tunafuta tu?"

Hakuna aliyecheka. Mjomba alimwangalia yule kijana, akaangalia kile kiti.

"Aliniuliza," akasema. "Mlimsikia nyote. Mimi nikasema futa tu."

"Tulikusikia," kijana akajibu. "Si ukaseme huko kwa wakubwa?"

"Nimetoka huko sasa hivi."

"Wakasemaje?"

"Wamesema nije niwafundishe."

Akatoa funguo za maabara mfukoni, akaziweka juu ya kibodi, pole pole kama kitu kinachovunjika. Kwenye kioo zikaandika herufi zisizo na maana, nyingi, mfululizo. Akavaa koti lake akapita katikati ya viti. Alipofika kwangu akanigusa bega.

"Ndoo iko getini," akaniambia. "Iingize."

Nilidhani amekwenda kunywa maji. Wanafunzi nao walikaa, hakuna aliyegusa mashine, zile herufi zikaendelea kujaza ukuta mpaka darasa linalofuata likagonga mlango. Nyumbani niliikuta ndoo palepale getini, nikaiosha, nikaiingiza. Jioni ikaingia, Mama akapakua sahani tatu. Tukangoja. Mwishowe Mama akachukua simu yake akampigia Mjomba.

Tukaisikia ikilia chumbani kwake, juu ya kitanda kilichotandikwa.