Salamu ya Kifuani

Mimi sikuumbwa na subira, na hata ile kidogo niliyokuwa nayo iliniishia sokoni Kendu Bay, miaka ile ya sitini, nikitembea na mdogo wangu. Mdogo wangu alizaliwa zeruzeru: ngozi nyeupe, nywele kama nyuzi za katani, macho yasiyotulia juani. Watu wakimwona walivuta ukosi wa nguo wakajitemea mate kifuani. Ptu! Eti wasije wakazaa mtoto kama yeye.

Wenye mimba kutema, hayo ningeyameza. Lakini yawa, hata vikongwe waliokoma kuzaa kabla reli haijafika Kisumu! Walitaka kuzaa nini? Kinyozi alitema. Muuza nyanya alitema. Mama mmoja alitema huku anapara samaki, magamba yakamwingia shingoni, nikamwambia vizuri sana, tema tena. Mama yetu alinivuta mkono. "Nyamaza wewe. Kelele za mlango hazimzuii mwenye nyumba kulala." Labda yeye alilala. Mimi nilikuwa nakesha nikitunga matusi ya kesho.

Aliyenichosha zaidi ni mdogo wangu mwenyewe. Nimegombana na nusu ya soko kwa ajili yake, yeye anafika nyumbani anachekelea: "Leo watu wamenisalimia wengi!" Nilidhani anatuficha uchungu, nikazidi kuchemka.

Basi ukafika wakati wa kuandikisha watoto darasa la kwanza. Cheti cha kuzaliwa nani alikuwa nacho? Mtoto alipitisha mkono juu ya kichwa, akigusa sikio la upande wa pili, amekomaa. Mwaka uliotangulia aligusa, mwalimu mkuu akasema hajagusa. Sasa Mama alikuwa amekata shauri: akikataliwa tena, basi, atakaa ndani asokote kamba za mkonge pale asipoonekana na mtu. Mama hakutaka kwenda kuaibishwa mara ya pili, kwa hivyo nilimpeleka mimi. Njia nzima nilimwonya asicheze, asiguse kitu, amsalimie mwalimu kwa heshima.

Mwalimu mkuu hakuwa mtu wa kwetu, na tulizungumza naye Kiswahili. Tulipobisha hodi aliinua macho, akamwona mtoto. Akageuka kidogo, akainua tai yake, ptu, haraka haraka kama mtu anayepuliza vumbi. Mke wake alikuwa mjamzito, tulijua sote. Nikauma meno. Nilijiambia, leo kaa kimya, leo ni siku ya mtoto.

Mdogo wangu akavua kofia. Akasimama wima, akavuta ukosi wa gauni lake jipya, akatabasamu, na akajitemea kifuani. Ptu!

Mwalimu aliruka kutoka kitini. "Ebo! Mtoto gani huyu? Ndiyo adabu mnayomfunza? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo!"

Nikamshika mdogo wangu bega. "Umefanya nini wewe?"

"Nimemwitikia, Dada," alisema, kashangaa. "Si amenisalimia?"

"Amekusalimia vipi?"

"Kama wote. Watu wengine wanapewa mkono, mimi napewa hiyo." Akamtazama mwalimu, akatutazama sote wawili. "Nimekosea? Kwa mwalimu ni mara mbili?"

Akashika tena ukosi. Nikamzuia mkono.

Matusi yangu yote, yale niliyoyakeshea usiku kucha, sikuona hata moja la kutumia. Nilitaka kulia, na nilitaka kumpiga mtu. Nikasema, "Mwalimu, umesema mtoto umleavyo. Huyu ndivyo tulivyomlea, Kendu nzima. Na wewe umo."

Nilijua nimeharibu. Mtu wa kwetu hakumjibu mwalimu mkuu hivyo akabaki na nafasi ya shule. Nikaanza kumvisha mtoto kofia tuondoke, nikiziona zile kamba za mkonge zikimngoja.

"Ngoja," mwalimu alisema. Aliketi. Alikuwa bado ameshika tai yake, akaiachilia. "Hebu aguse sikio."

Mdogo wangu akapitisha mkono juu ya kichwa. Vidole vililipita sikio vikafika taya.

"Jumatatu," akasema mwalimu. "Atakaa mbele, karibu na ubao, mbali na dirisha. Na hiyo kofia asiisahau."

Nilikuwa bado natafuta neno la kumshukuru, jambo ambalo sikulizoea, alipoinuka akanyoosha mkono juu ya meza kumwelekea mtoto. Mdogo wangu aliuangalia ule mkono. Kisha akageuka nyuma, kuona ni nani ameingia.