Chumba Kikubwa kwa Shubiri Moja

Mke wa kaka yangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima tunamwita Futi, kwa sababu ile futi ya kupimia nguo haitoki shingoni mwake hata akiwa anapika. Mimi ni wifi yake, msusi, naishi vyumba vya uani katika nyumba hiyohiyo, na kibaraza changu kinatazama mlango wake wa nyuma. Kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Niliyaona mwenyewe, kichanio mkononi na kichwa cha mtu kati ya magoti yangu.

Nianze kwa kumsifu, nisije nikaambiwa mawifi hatuna jema. Futi anajua kushona. Suruali yake ukiivaa unajiona umepandishwa cheo. Ni mcheshi, ana mkono mwepesi wa kutoa, na kaka yangu tangu amuoe amenawiri mpaka mikanda imemkataa. Lakini ana roho ya kwa nini, na roho hiyo ina mtu mmoja tu, dada yake wa kuzaliwa. Majirani wanunue magari, wajenge maghorofa, Futi atawapongeza kwa moyo mweupe. Dada yake akinunua sufuria, Futi hali akashiba.

Dada mtu ni muuguzi mstaafu, mjane, anakaa kule juu mlimani. Sisi tuko bondeni. Kati yetu kuna barabara moja ya kupanda, lakini ardhi ni mbili tofauti. Kule kwake ni changarawe na mwamba laini, mvua ikinyesha maji hayakai, yanateremka kuja kwetu. Kwetu ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi unapasuka nyufa za kumeza kandambili, na masika unavimba na kunata, na visima vya mtaa vinajaa mpaka mtu anachota kwa kuinama. Ndiyo maana nyumba zote za bondeni zimeinuliwa, unapanda ngazi kwanza ndipo uingie sebuleni. Waliotutangulia walijenga chini, wakalala na vyura, sisi tukapata akili bila kulipa ada.

Marehemu mume wa dada mtu alipojenga kule juu alichimba chumba chini ya nyumba. Nimekiingia. Jua la mchana likiunguza bati nje, mle ndani unatamani kujifunika shuka. Majira ya baridi kina vuguvugu. Unyevu hakiujui, hata unga ukiuweka humo mwezi mzima haugandi.

Sasa mama yao mzazi, ambaye sote tunamwita Bibi, ana presha. Joto likimzidi, kichwa kinamzunguka. Alikuwa akiishi hapa kwa Futi tangu alipofiwa na mumewe, na Futi alimshika kama yai. Kiangazi kimoja akaanguka jikoni, na kabla hatujasahau akaanguka tena. Daktari akasema atafutiwe mahali penye ubaridi. Dada mtu akateremka na teksi, akamchukua akapumzike kwenye kile chumba mpaka joto lipungue. Joto likapungua, mvua zikaja zikaisha, na Bibi hakurudi.

Hapo ndipo Futi alipoanza kuungua. Kila mteja aliyekuja kupimwa kiuno alisimuliwa habari ya mtu aliyemwibia mwenzake mama kwa kutumia shimo. Kwake hilo lilikuwa jambo moja lenye maana duniani. Alimtaka mama yake nyumbani kwake, na alitaka dada yake akose. Mimi sikuweza kujua ni lipi kati ya hayo mawili lilikuwa linamuuma zaidi, na nadhani hata yeye hakujua.

Siku moja alitangaza kwamba anakwenda kumshonea dada yake mapazia. Nilimsindikiza. Akakipima kile chumba urefu, upana, kimo, mpaka ngazi na kidirisha cha juu, huku Bibi akimtazama tu kitandani. Mapazia ya chumba chenye dirisha la kupitisha paka! Tuliporudi alimwambia kaka yangu kwamba anataka chumba kama kile chini ya ukumbi wa nyuma, ila cha kwake kiwe kikubwa kwa shubiri moja kila upande.

Kaka yangu ni mtu wa maneno machache. Alimwambia huku kwetu chini kuna maji. Futi akampeleka uani, akamwonyesha ardhi iliyokauka kama biskuti, akamwuliza hayo maji ayaone wapi. Kweli ilikuwa katikati ya kiangazi na hapakuwa na hata umande. Wahenga walisema ukiiga tembo utapasuka msamba, lakini wahenga hawakuwa wameoa. Kaka akamtafuta mchimba visima. Yule bwana aliangalia kazi akacheka, akasema maisha yake yote analipwa ili apate maji, leo ndiyo mara ya kwanza analipwa ili asiyapate. Akachimba. Udongo ulitoka mabonge magumu, makavu, na kila bonge Futi alikuwa akilipokea kama cheti cha ushindi.

Dada mtu akasikia, akaja. Alisimama ukingoni mwa shimo na mwavuli wake wa jua kwapani, akamweleza mdogo wake taratibu kwamba chumba cha chini si mshono wa kukopi, kinafuata ardhi kilipo, na ardhi ya huku hunywa mvua halafu huitapika. Hayo yalikuwa maneno ya kweli tupu. Tatizo lilikuwa kinywa kilichoyatoa. Dada yake angemwambia nyumba inaungua, Futi angedhani ni mbinu ya kumtoa ndani.

"Unaogopa nini, dada?" akamjibu. "Kwamba sasa mama atakuwa na pa kurudi?"

Dada mtu akafunga mdomo, akafungua mwavuli, akapanda mlima wake. Na mimi je? Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Nilichukua kichanio nikasuka.

Chumba kikaisha. Kuta za tofali, saruji, rangi nyeupe, kitanda kipya. Bibi akateremshwa, na kwa wiki kadhaa Futi aling'aa. Kila mteja alishushwa ngazi akaonje ubaridi, hata aliyeleta zipu tu ya kubadilisha. Akashona foronya za maua. Akanambia kwa sauti ya kusikika barabarani kwamba wengine wana vyumba, lakini yeye ana nafasi.

Kisha hewa ikaanza kuwa nzito, ile ya kabla ya mvua, nguo zinapoanikwa asubuhi na kuanuliwa jioni zikiwa mbichi vilevile. Dada mtu kule juu alikuwa na desturi ya kufungua kidirisha ili chumba kipumue, na Futi akamwiga, akafungua kila kitu kuanzia asubuhi. Lakini kule hewa ni kavu. Huku iliingia hewa ya moto iliyojaa maji, ikakutana na ukuta wa baridi, na ukuta ukatoka jasho kama chupa ya soda. Futi akazidi kufungua. Ukuta ukazidi kutoka jasho. Rangi ikafanya malengelenge, chini yake kukatoka unga mweupe wa chumvi, na pembeni ukaota ukungu wa kijani. Udongo nao, kwa manyunyu ya kwanza, ulikuwa umeanza kuvimba huko nyuma, ukasukuma tofali, na ufa ukaanza kutembea kutoka dirishani.

Mtu mwingine angekiri. Futi akakaa kwenye cherehani. Alishona mapazia ya kuanzia darini hadi sakafuni, akazungusha chumba kizima, kuta zote nne zikafichwa. Kilipendeza, sitamnyima haki yake. Kila asubuhi alizitoa shuka za Bibi zilizolowa unyevu, akazipiga pasi mpaka zikauke, akazirudisha. Bibi akaanza kukohoa. Futi akasema ni mabadiliko ya hewa, akamnunulia pipi za kifua.

Nilikuwa nimemshushia Bibi chai siku dada mtu alipokuja kumtazama mama yake. Alimsikiliza akikohoa, akanusa, kisha akainua pazia kwa vidole viwili, jinsi wauguzi wanavyoinua bandeji.

"Leo mama anaondoka na mimi," akasema.

Futi akasimama kwenye ngazi, mikono kushoto na kulia. "Umekuja kumwona mama au kukagua kuta?"

"Mdogo wangu, hiki kikohozi nakijua. Nimefanya kazi nacho."

"Unajua kila kitu. Tangu tuko wadogo unajua kila kitu. Mama hatoki."

Wakamgeukia Bibi aamue. Yule mzee akawatazama mmoja mmoja, watu wazima wenye mvi, akasema wamwache amalize chai yake. Dada mtu alipoondoka, niliona anapapasa ukuta wa ngazi kama mtu asiyeona vizuri.

Nikabaki na Bibi. Nikamwambia polepole kwamba akitaka kwenda, mimi nitamsaidia kumshawishi Futi. Akanishika mkono.

"Shuka zangu kila siku zina moto wa pasi," akasema. "Unadhani sijui? Mwanangu amefurahi. Niache kidogo."

Mvua zikaja kwa hasira. Futi alikuwa amepanga viroba vya mchanga mlangoni, na juma zima halikuingia hata tone. Siku jua lilipotoka alikuja kibarazani kwangu akitembea kwa madaha, akanambia niwasalimie wote waliomwombea mabaya. Mteja wangu alicheka, nami nikacheka. Hatukujua kwamba ardhi yetu haina haraka. Maji yaliyoteremka kutoka mlimani juma zima yalikuwa bado yanasafiri chini ya miguu yetu.

Mchana huo, jua linawaka, tulisikia sauti ya Bibi kutoka chini, imetulia kabisa.

"Mwanangu, njoo kidogo. Kandambili zangu zimeondoka zenyewe."

Tulishuka mbio. Sakafu ilikuwa imeinuka katikati na kupasuka, na maji yalikuwa yanatoka kwenye ufa huo, meupe, safi, bila kelele. Mapazia yalikuwa yanayanywa kuanzia chini. Bibi alikuwa amekunja miguu kitandani akisubiri. Kaka yangu akambeba mgongoni, mimi nikabeba blanketi. Futi hakupanda. Alichukua ndoo akaanza kuchota, anachota na kumwaga, anachota na kumwaga, na maji yanarudi palepale. Tulimwita mpaka tukachoka. Alikuwa anajaribu kukimaliza kisima.

Bibi alilazwa kwa nimonia. Wiki ile Futi alishinda kwenye benchi la hospitali upande mmoja, dada yake upande mwingine, na kati yao nafasi ya watu watatu. Mungu akasaidia, Bibi akapona. Alipotoka, teksi ilipanda mlima moja kwa moja na hakuna aliyeuliza.

Nilidhani hapo wivu ungekufa kwa aibu. Nilikosea. Zamani dada yake alikuwa na mama na chumba. Sasa alikuwa na mama, chumba, na haki. Hilo la mwisho ndilo lililomkata maini Futi kuliko yote. Aliacha kwenda mlimani kabisa. Alishona siku nzima bila redio, na mtu akitaja jina la Bibi, cherehani ilikimbia zaidi. Maji yalipopungua, kaka alimwita tena yule mchimbaji, akashusha pembe moja ya chumba chini zaidi, akajengea mdomo. Kikawa kisima cha nyumba, kizuri tu.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kikali, na mabomba ya mlimani yakakauka. Kule juu changarawe haishiki maji ya mtu. Alasiri moja nilikuwa nasuka, nikamwona dada mtu anateremka barabara na dumu tupu, magoti yake yale mabovu, anapumzika kila mti. Angeweza kwenda kisima chochote cha mtaa. Alikuja kwetu, akasimama mbele ya cherehani.

"Nimekuja kuomba maji ya kumwogesha mama," akasema.

Mikono yangu ikasimama. Futi alimwangalia dada yake, akaliangalia dumu. Kisha akainuka.

"Maji nakupa," akasema. "Lakini kumwogesha namwogesha mimi."

Akashuka, akachota, akajitwika, akatangulia njiani bila kumsubiri mwenzake. Tangu siku hiyo kila alasiri anafunika cherehani na kupanda na dumu kichwani. Wateja wanalalamika nguo zinachelewa. Anawaambia wakashone kwingine.

Majuzi mgongo ulimuuma, nikampokea dumu la pili. Alipoingia na Bibi bafuni, mimi na dada mtu tulikaa nje kwenye viti. Tukasikia maji yanamwagwa, kisha Futi akisema kitu ambacho hatukukipata, kisha Bibi akicheka, kicheko kirefu cha mpaka kukosa pumzi, anaacha na kuanza upya. Dada mtu alikuwa ameinamisha kichwa. Nikadhani anasinzia.

"Mimi nikimwogesha ananyamaza," akasema. "Namlisha, nampa dawa kwa wakati, nimempa chumba. Hajawahi kucheka hivyo na mimi."

Akajifuta macho kwa ukingo wa kanga, akaenda kutafuta taulo.

Tukiwa tunateremka na madumu matupu, Futi akaniuliza tulikuwa tunaongea nini pale nje. Nikamwambia joto. Akatembea kidogo, akageuka kuitazama ile nyumba ya juu.

"Ana raha yule," akasema. "Anaamka naye kila siku."