Miwani Iliyonikosanisha na Wakwe Zangu

Mhariri, jina langu libaki hapo mezani kwako. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na mbili, mzaliwa wa Magharibi, fundi wa cherehani hapa Gatina, Kawangware. Nimechoka kulia peke yangu, ndiyo maana nawaandikia nyinyi nisiowajua.

Mwaka jana nilianza kushindwa kutunga uzi kwenye sindano. Binti yangu wa pekee, nimwite Nekesa, ni karani mjini. Akaninunulia miwani ile ya kisasa: juu unaonea mbali, chini karibu, na katikati hakuna mstari. Alikuwa amepata mchumba, na alitaka wakwe wakija wanikute mama wa maana. Fundi wa miwani alinionya Nekesa akiwa kando yangu, "Mama, kabla hujazoea, usishushe macho peke yake. Inamisha kichwa chote, la sivyo utaona ardhi imeinuka." Nikasema sawa. Kichwa changu ni kigumu, lakini hayo niliyasikia.

Wakwe walikuja siku ya nne tangu niivae, wakaketi uani. Mnaotoka kwetu mnajua: mama mkwe hamtazami mkwe wake usoni, na kugusana ni mwiko, hata mkono hawapeani. Basi nilipotoka chumbani na birika la chai nikamkuta kijana amesimama pale mlangoni, nilifanya nilivyofunzwa tangu usichana. Nikashusha macho. Macho tu. Ngazi niliiona iko juu, kumbe iko chini, nikakanyaga hewa. Birika lilienda kwake na mimi nikaenda kwangu, na kwangu kulikuwa kifuani mwa mkwe. Nilimshika kwa mikono miwili mbele ya wazee wao wote.

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka! Shangazi wa kijana akauliza, "Huyu mama amekunywa nini asubuhi hii?" Wakaondoka bila kuonja hata kuku. Nekesa akaniambia, "Mama, umenimaliza." Baadaye wazee walisuluhisha, Nekesa na kijana wakaoana, wakahamia Kibera karibu na wazazi wa kijana. Mimi sikuitwa.

Sasa Nekesa amejifungua msichana. Jumapili alimtuma rafiki yake kwangu. Rafiki huyo alisimama akichezea kamba ya kikapu, akasema, "Mama, anasema ukuje uone mtoto. Lakini hiyo miwani uiache nyumbani. Mama ya bwanake anasema ni macho yako ilikuwa inatafuta kijana."

Niliketi chini. Ya yule mama ningeyameza, maana hanijui. Lakini Nekesa alikuwepo fundi akinionya, anajua kilichotokea, na bado ameyaacha maneno hayo yaniletee aibu mlangoni pangu. Hilo limenivunja moyo kuliko yote.

Miwani nimeizoea, siku hizi nashuka ngazi bila kuwaza. Nikiivua, chochote nilichoshika mkononi ni ukungu mtupu. Nikienda bila miwani, nitakuwa nimekubali kwamba nilimtamani mume wa mtoto wangu, na mjukuu nitampakata bila kuuona uso wake. Nikienda nayo, naogopa watanifungia mlango nikiwa nimesimama nje.

Yule rafiki yake anasema mtoto ana macho yangu. Wenzangu mlio na wakwe, niambieni, niende nikamwone vipi?