Pipa la Nakhungu

Nakhungu wa Kabuchai alistaafu upishi katika shule ya bweni akiwa na miaka hamsini na minane, mgongo mbovu, na hotuba ndefu ya shukrani kutoka kwa mwalimu mkuu. Hotuba hairutubishi udongo, kwa hiyo maharagwe yake yaliendelea kuwa manjano kama kawaida.

Siku moja akasikia redioni kwamba majani mabichi yakilowekwa wiki mbili hugeuka mbolea ya maji. Akajaza pipa: magugu, maganda ya ndizi, na majani ya ule mmea mchungu wa maua ya manjano unaoota kando ya barabara. Akakoroga kila asubuhi. Harufu ikawafikia majirani wote, hata wasiouliza habari.

Mara ya kwanza aliimwaga mbolea hiyo shambani hivyohivyo, bila kuizimua kwa maji. Mistari miwili ya maharagwe ikaungua. Akakaa chini akalia kidogo, kisha akaanza upya: kopo moja la mbolea kwa makopo matatu ya maji, mpaka rangi ikawa ya chai hafifu, akamwagilia shinani.

Shemeji yake Wekoye, mwenye diploma na duka la pembejeo Kitale, alikuja kumtembelea. Akasimama mbali, leso puani.

"Mama Kevin, hii si mbolea. Ni supu ya fisi, bana!"

"Sawa, shemeji. Wewe ndiye umesoma."

Kweli alikuwa amesoma. Maharagwe yake mwenyewe aliyapa mbolea ya yurea ya dukani mara tatu, yakastawi ajabu, majani mapana kama sukuma wiki. Watu wakaja kupiga picha. Kasoro ilikuwa moja tu, ndogo: hayakuzaa.

Nakhungu, kwenye kashamba kake, alivuna magunia matatu.

Jumapili moja baada ya ibada, Wekoye akarudi na mkewe Peris na mtungi wa lita ishirini. "Si unijazie kidogo? Ni ya utafiti tu."

Nakhungu akamjazia. "Lakini usikaze kifuniko, shemeji. Bado inachacha, inatoa hewa."

"Mama Kevin, ati mimi unifundishe kufunga mtungi?" Akakaza kwa mikono miwili, akaupakia mtungi garini, miguuni pa Peris.

Jua na matuta ya barabara vikafanya kazi yao. Walipofika Kipsongo, wakikaribia nyumbani, kifuniko kikaruka, na utafiti wote ukamwagika juu ya gauni jeupe la Peris. Muuza nyanya kando ya barabara akauliza, kwa upole kabisa, kama wamebeba maiti.

Jumanne Peris alivaa viatu vya gambuti, akaenda Kabuchai peke yake.

"Dada, nionyeshe kuanzia mwanzo."

Nakhungu alicheka mpaka mgongo ukamuuma, kisha akampa mti wa kukorogea.

Msimu uliofuata, maharagwe ya Kitale yalizaa. Siku hizi Peris anauza mbolea hiyo pale dukani, na Wekoye, kwa unyenyekevu wake, huwaeleza wateja jinsi alivyoigundua.