Kadi Iliyokataa Kufutwa

Ukitaka kubisha, bisha, lakini usiseme nilikuwa nimelewa. Mimi ni Msabato, pombe sijaionja, na haya yalinikuta mchana kweupe, saa nane, jua la Kosele likiwaka mpaka mbwa wamejificha chini ya meza za sokoni.

Kazi yangu ni kuwajazia watu nyimbo. Nina kibanda na kompyuta moja, na zamani nilikuwa na foleni. Siku hizi kila mtu ana simu inayovuta nyimbo hewani. Nimebaki na wazee wenye viredio vya memori kadi, vile vya kuning'iniza shingoni ukienda shambani. Mwezi ule nilikuwa nimeshaamua kufunga.

Isitoshe, nyumbani hakulaliki. Binti yetu alikuwa na siku tisa, na tangu azaliwe alikuwa akilia. Ziwa la mama yake alilikataa. Hospitalini walimpima wakasema hawaoni ugonjwa. Mke wangu Akinyi alikuwa amekonda, na mimi, sikufichi, niliogopa kwamba tutamzika.

Kwetu mtoto akilia hivyo husemwa anatafuta jina. Hutajiwa majina ya waliokufa, mmoja mmoja, na likitajwa lake hunyamaza. Baba yangu alitaja yote anayoyajua. Alitaja hata Nyar Muhuru, mama yake, aliyefariki baba akiwa na miaka sita. Wapi! Kilio kikazidi.

Basi siku hiyo nasinzia kibandani, nikasikia mtu anakohoa. Alikuwa mama mzee. Pindo la nguo yake lilikuwa limelowa, na alinuka omena mbichi, wale dagaa wa ziwani. Kosele hatukuwa tumeona mvua kwa wiki mbili, na ziwa liko mbali. Ningemuuliza, lakini usingizi ulikuwa bado haujanitoka. Akanipa kiredio cha zamani.

“Nyakwara, hii kitu imejaa. Niongezee nafasi. Lakini usifute.”

Nyakwara maana yake ni ‘mjukuu wangu’. Bibi zetu humwita hivyo kijana yeyote, kwa hiyo sikushtuka.

“Sawa, dani,” nikamjibu, yaani bibi. “Iko na nyimbo ngapi?”

“Ni moja tu.”

Nikacheka. Wimbo mmoja ujaze kadi? Na hapa ndipo nilipokosea. Sisi wa kazi hii mkono huenda wenyewe: kadi ikiingia, tunaifomati kwanza, yaani tunafuta vyote vilivyomo, virusi vife. Nikaifomati. Ndipo nikakumbuka alichosema, jasho likanitoka. Nikatazama kioo cha kompyuta: faili ipo, kadi imejaa. Nikafomati tena, kwa ubishi wangu. Ipo! Nikainakili kwenye kadi kubwa kuliko zote kibandani, ile ya kubeba nyimbo maelfu. Nayo ikajaa pomoni, kwa faili moja.

“Dani, hii ni wimbo gani?” nikauliza bila kugeuka.

“Si wimbo. Ni jina. Peleka nyumbani, iko mtu analilia.”

Nilipogeuka, hapakuwa na mtu. Sakafuni kulikuwa na nyayo za maji zilizoingia ndani. Za kutoka hazikuwepo. Wewe ungefanya nini? Mimi nilirudisha kadi kwenye kiredio, nikatoka nacho mbio, hata kufunga sikufunga.

Nyumbani baba alikuwa amempakata mtoto, naye analia tu. Nikabonyeza kiredio. Ikatoka sauti ya mwanamke akijisifu, kama watu wetu wanavyojisifu ngoma inapopigwa: “An Abonyo, nyar Muhuru!” Yaani, mimi ni Abonyo, binti wa Muhuru.

Mtoto akanyamaza. Niamini, kimya kile kilinitisha kuliko kilio. Kisha akageuza mdomo akitafuta ziwa, na Akinyi akamchukua huku machozi yanamtoka.

Baba alikuwa ameketi sakafuni. “Hiyo ni sauti ya mama,” akasema.

Umeelewa? Kwetu mwanamke akiolewa huitwa kwa kule alikotoka. Nyar Muhuru ni binti wa Muhuru, na Muhuru ina mabinti wangapi? Baba alimwita Mama, watu wakamwita Nyar Muhuru, jina lake likapotea. Siku tisa tulikuwa tunamwita bibi kwa anwani.

Baadaye tulikwenda Muhuru Bay, kwao bibi. Tulimkuta mdogo wake wa mwisho, mzee sana, na kabla hatujamwambia lolote alitueleza kwamba dada yake aliitwa Abonyo kwa sababu alizaliwa nzige walipokuja, na nzige kwetu ni bonyo. Baba alimshika mkono, hakuuachia mpaka jioni.

Abonyo wetu sasa anatembea, na ana mdomo huyo! Kibanda sikufunga. Watu wa Kosele hadi Kendu Bay wananiletea sauti za mama zao niwahifadhie kwenye viredio, na kila faili naiandika kwa jina la mwenyewe. Nani alisema viredio vimepitwa na wakati? Kile cha bibi ninacho. Ukikibonyeza hakisemi kitu tena, lakini kadi yake, ukiichomeka kwenye kompyuta, bado inasema imejaa.

Kwa hiyo nakuonya: kabla hujafuta, sikiliza. Na kama bibi yako yu hai, mwendee leo umuulize jina lake. Si la alikotoka. Lake.