Turubai la Baba na Mtani Wangu

Kibaigwa, kwenye soko la mahindi, kulala nje ilikuwa sheria. Sisemi ruhusa, nasema sheria: uongozi wa soko ulitaka kila mwenye gunia alale na gunia lake, asije asubuhi kulia kwamba ameibiwa. Msimu ukifika tulifunga maturubai mengi hivi kwamba ukiwa barabarani ungedhani taifa jipya limezaliwa. Panya wa pale walinona kiasi cha kuchinjwa Krismasi.

Mimi nililala chini ya turubai la bluu aliloniachia marehemu baba, lenye kiraka chekundu alichokishona mwenyewe. Tulilala wawili, mimi na mpagazi mwenzangu, tukilinda magunia ya matajiri wetu. Yeye Mnyamwezi, mimi Mgogo, kwa hiyo tulikuwa watani, na mtani ana haki zake. Alikula ugali wangu nikimtazama. Alivaa kandambili zangu. Aliwatangazia matajiri kwamba sisi Wagogo tuliumbwa udongo ulipokwisha. Nami nilimrudishia, maana kukasirika ni mwiko.

Baadaye nikahamia Dodoma mjini: mchana kubeba zege, jioni shule ya watu wazima, hiyohiyo iliyonipa cheti ninachoringa nacho mpaka leo. Kodi ya chumba ikanishinda, nikafunga turubai kwenye kiwanja cha wazi Makole. Si nchi ni moja? Kumbe sheria ndogo za kule haziji huku. Mjini, kulala mahali pa wazi ni kosa, na turubai linachukuliwa. Unapanda basi, hujamaliza karanga zako, usingizi uleule umeshakuwa uhalifu!

Sikuogopa, kwa sababu mtani wangu naye alikuwa amehamia mjini, amepata kazi ya umgambo. Nilimpeleka mwenyewe nikamwonyesha ninapolala.

"Siku ya operesheni nitakutonya, mlala vumbi wewe," akaapa. "Wakikufukuza nitamtukana nani?"

Nilihitaji paa hilo mpaka mtihani upite. Mawingu yalishaanza kunguruma.

Asubuhi moja, nikipiga mswaki, mtani wangu akaja na wenzake wawili kwenye gari la mji.

"Wewe Mgogo, toka! Turubai linakwenda."

Nikacheka mpaka machozi. "Chukua, Mnyamwezi mwenye njaa! Kwenu mmeishiwa hata shuka?"

Akashika pembe ya turubai, uso chini. Nikadhani anabana kicheko. Nikafungua kamba kwa mikono yangu, tukalikunja pembe kwa pembe kama tulivyozoea sokoni, nikalipakia garini. Nikasimama nikisubiri ageuke acheke.

Gari likaondoka.

Wiki ile ilinyesha mvua ya kuzamisha ngamia. Nilijibanza kwenye vibaraza vya watu, madaftari yangu yakawa uji.

Jumapili nikaenda kwake, nikijiambia kwamba kazi ni kazi, pengine turubai liko kwenye ghala la mji. Halikuwa ghalani. Lilikuwa limefunika banda lake la kuku, kiraka cha baba kikinitazama.

Akatoka mlangoni, anatabasamu. "Karibu, kichwa kibuyu!"

"Habari za leo, afande," nikamwambia.

Tabasamu likamkauka. "Afande tena? Acha hizo, bwana. Ule ulikuwa utani. Nitukane basi."

"Nimekuja kuchukua turubai la baba, afande."

Akalishusha, kuku wakitawanyika huku na huku. Akanyoosha pembe mbili kuelekea kwangu, akingoja nizishike.

Nikamwacha alikunje peke yake.