Jumapili Niliyowahi Kuiandika

Wanangu wameniunga kwenye kalenda yao ya simu. Mmoja anakaa Mwenge, mwingine Mabibo, na anachoandika mmoja wetu wote tunakiona papo hapo: kikao cha shule, kliniki ya mtoto, sendofu ya binti wa jirani. Mwezi uliopita binti yangu aliniuliza, "Mama, mbona wewe huandikagi kitu?" Nikamwambia macho yangu hayaoni vizuri maandishi madogo. Sikutaka kuanza kumweleza habari za Temeke, kwa sababu habari zenyewe zinamhusu yeye, ingawa wakati huo alikuwa hata hajaanza kukaa.

Mie na marehemu mume wangu tulipanga chumba Temeke katika miaka ya tisini, wakati maduka yalipojaa vitu na watu wakapunguzwa kazini. Nyumba ilikuwa ya bibi mmoja mjane, mwenyeji wa Dar tangu mababu, na sie wapangaji tulitoka kila upande wa nchi. Vyumba vilitazamana kwenye ukumbi mrefu, na nyuma kulikuwa na ua mmoja wenye bomba moja. Harusi, hitma, ngoma ya mwali, yote yalifanyika uani hapo, na mara nyingi yaligongana. Siku moja watu walikuja kumpa pole mpangaji aliyefiwa na kaka yake, wakakuta jirani yake ameshaleta ngoma, wamevaa sare, wanacheza. Wapangaji hao wawili walikaa wiki mbili hawasalimiani.

Mie nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini, na nilipenda mambo yaliyopangika. Nikaleta kalenda ya ukutani niliyopewa dukani Kariakoo, nikaitundika ukumbini na kalamu nikaifunga kwa uzi. Nikawaambia wenzangu: mwenye shughuli aandike, na anayewahi kuandika ndiye mwenye siku. Bibi alifurahi. Asiyejua kuandika nilimwandikia. Ugomvi ukaisha kabisa, na nilijisifu sana kwa ajili ya karatasi ile.

Chumba cha mkabala na chetu alikaa mama mmoja wa Rufiji aliyekaanga samaki na kuwauza jioni nje ya nyumba. Alikuwa na binti mmoja tu. Nilipojifungua, mama yangu alikuwa mbali, Songea, na huyo jirani ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto na kunipikia uji wa pilipili manga. Binti yake ndiye aliyembeba mtoto wangu nilipokuwa nafua, akimwimbia mpaka analala. Sikuwahi kumwomba afanye hivyo.

Mtoto alipofikia kubatizwa, parokia ikatupa Jumapili, nami nikaiandika kwenye kalenda kwa herufi kubwa. Jumamosi ya kuamkia siku hiyo bibi alikuwa ameshaandikisha hitma ya mumewe. Tukatuma habari Songea, na mama mkwe, naye wa hukohuko, akaanza kujiandaa kwa safari.

Siku chache baadaye jirani alikuja akaketi kizingitini kwangu, akampakata mtoto. Akanieleza kwamba mchumba wa binti yake, utingo wa malori, amepata safari ndefu ya Zambia na ataondoka Jumanne baada ya ubatizo wetu. Wazee wa kijana walitaka ndoa ifungwe kabla hajaondoka, na wao kutoka Rufiji wasingeweza kufika mapema zaidi ya Jumapili, na Jumatatu kijana angekuwa kazini kutwa kupakia mzigo.

"Mwenzangu," akasema, "nimekuja kukuomba siku."

Nilimweleza habari za parokia na za mama mkwe. Nikamwuliza kama ndoa haiwezi kufungwa msikitini tu, sherehe ikaja baadaye. Akasema binti yake ni mmoja, hawezi kumwoza kimyakimya kama mtu mwenye la kuficha. Amekulia ua huu na ataolewa kwenye ua huu. Yote yale tungeweza kuyazungumza zaidi. Lakini mie nilikuwa nimechoka, na moyoni niliona ananivunjia utaratibu nilioujenga mwenyewe.

"Ningekupa, dada," nikamwambia. "Lakini nimeshaandika."

Alinitazama kidogo, akanirudishia mtoto, akasema basi, yameisha. Jioni ile wakawatumia wazee habari kwamba ndoa itafungwa kijana akirudi.

Jumapili ikafika. Jirani aliamka kabla yangu akawasha kuni, na pilau ya ubatizo wa mwanangu aliipika yeye, katika masufuria yake mwenyewe. Binti yake aliwahudumia wageni soda, amevaa gauni zuri la kitenge. Watu walimsifu gauni, naye akashukuru.

Misa ilikuwa ya asubuhi, chakula kikaliwa mchana, na ndugu wa mume wangu waliokaa Kinondoni wakaanza kuaga mapema. Kabla ya alasiri walikuwa wameondoka wote. Mama mkwe alilala na mtoto. Nilitoka uani kuchukua nepi kwenye kamba nikakuta ua mtupu, umefagiwa, viti vimepangwa kando. Jirani alikuwa amechutama bombani anasugua masufuria kwa mchanga na majivu, na binti yake anaokota vizibo vya soda. Hapo ndipo nilipoona kwamba siku ilikuwa bado kubwa. Shehe angeweza kuja baada ya swala ya alasiri. Wazee wa Rufiji wangekaa kwenye viti vilevile, na masufuria yaleyale yangeinjikwa tena. Siku ile ilitutosha sote, na sikuwa nimeifikiria hata kidogo. Nilikusanya nepi nikaingia ndani.

Kijana aliondoka Jumanne. Alisema mwezi wa Ramadhani utamkuta nyumbani. Ramadhani ilikuja ikapita. Dereva wake ndiye aliyeleta habari: walipofika Zambia kijana aliacha lori, akajiunga na wenzake waliokuwa wakienda Sauzi kutafuta maisha. Jirani alikwenda kwa wazee wa kijana, akaambiwa hata wao hawajui lolote. Kitanda cha harusi kilikuwa kimeshanunuliwa. Kilisimamishwa ukutani chumbani kwao, kimefunikwa shuka, na kila mlango ulipokuwa wazi nilikiona.

Nilikaa na jambo lile mpaka likanishinda. Nikamfuata jirani mahali pake pa kukaangia, nikamwambia nimekuja kumwomba radhi.

"Radhi ya nini?" akasema, akigeuza samaki. "Siku ilikuwa yako. Wewe uliwahi, mie nikachelewa."

Alisema bila kejeli. Angenitukana ningepumua. Alinifungia samaki kwenye gazeti, akanikatalia hela yangu.

Mwaka uliofuata sikutundika kalenda nyingine. Bibi aliniuliza, nikajibu sikupata. Baadaye tukajenga kibanda chetu Mabibo tukahama, nami nikaacha kwenda Temeke. Kila mara nilikuwa na sababu.

Miaka ikapita ndipo ukaja mwaliko: binti wa yule jirani wa Temeke anaolewa na fundi cherehani. Nilikwenda asubuhi. Wanawake walikuwa uani wanapika, na mama yake alinikumbatia kama niliondoka jana. Binti alikuwa chumbani peke yake, hina mbichi mikononi na miguuni. Hakuwa tena msichana. Nikaanza kumweleza, nikakwama, naye akanisaidia.

"Nilikulaumu, anti," akasema. "Sikufichi. Yule aliyenikimbia nilimsamehe mapema kuliko wewe. Yeye alikuwa kijana tu, anatamani mbali. Lakini wewe mtoto wako nilikuwa nambeba mie."

Nikamwambia ni kweli. Nikamwambia pia kwamba siku ile, ua ulipobaki mtupu, nilimwona akiokota vizibo.

"Mie pia nilikuona," akasema. "Nikajua umeelewa. Nikangoja useme kitu."

Nikamwuliza kama bado ananilaumu.

"Leo naolewa," akasema. "Leo silaumu mtu. Kesho sijui."

Nje walianza kupiga vigelegele. Wakwe walikuwa wanakaribia. Akanyoosha mikono ile yenye hina isiyokauka, akaniomba nimfunge ushungi. Nilifunga vibaya, nikafungua, nikarudia.